Shahada ya muziki: deni la mtoto, deni la mama

Mama aliikunjua barua ya samawati, iliyotoka chuo alichokubaliwa mwanawe, mezani kwangu, juu ya fomu zake za kodi, akainyoosha kwa viganja viwili kama kanga iliyotoka kwenye kamba. "Kaka, soma hapa chini kabisa," akaniambia. "Wameandika sifuri. Si bure hiyo?"

Nikasoma. Juu kulikuwa na ada, chumba, chakula na vitabu. Kisha vitu vinne vilivyopangwa chini ya kichwa kimoja, "tuzo": ruzuku ya serikali kuu, punguzo la chuo, mkopo wa mwanafunzi, na mstari wa nne ambao ndio ulibeba mzigo, mkopo wa mzazi, dola 20,000. Vyote vikajumlishwa, vikatolewa kwenye gharama, ikabaki sifuri. Deni limetiwa kapu moja na zawadi, na hesabu imetoka safi.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Hapa Lexington, Kentucky, kuanzia Januari hadi katikati ya Aprili nawajazia watu kodi, na wateja wangu wengi ni Wakongomani waliopitia Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Mama huyu ni mmoja wao. Anahudumia wazee zamu ya usiku. Kijana wake wa miaka 18 alizaliwa kambini, akaanza kupiga kinanda kanisani kabla miguu yake haijafika sakafuni, na leo akilishika sebene baada ya mahubiri hata wazee wa kanisa husahau magoti yanayowauma. Amepata nafasi ya kusomea muziki katika chuo cha binafsi nje ya jimbo. Chuo sitakitaja.

"Halafu muziki si anaujua tayari?" mama akaongeza. "Anakwenda kusomea nini?"

Hilo nitalirudia, maana lina uzito kuliko alivyodhani yeye mwenyewe.

Kila mwaka wazazi huniuliza kama muziki unalipa. Wengine wanataka niseme ndiyo ili wasaini, wengine niseme hapana ili wamfungie mtoto mlango huku wakimsingizia mtu wa kodi. Mimi kabla ya kulijibu huwauliza mawili: nani anakopa, na ni muziki upi.

Tuanze na kukopa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetegemea wazazi hukopeshwa na serikali kuu ya Marekani dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka unaofuata. Miaka minne ni dola 27,000. Akichelewa kumaliza, kikomo cha jumla ni 31,000. Basi fungua College Scorecard, tovuti ya wizara ya elimu ya Marekani inayoonyesha deni na kipato cha wahitimu chuo kwa chuo, na tangu 2019 fani kwa fani. Tafuta muziki. Utashangaa kuona deni la wahitimu halitofautiani sana kati ya chuo ghali na chuo rahisi. Mara nyingi liko kwenye dola elfu ishirini na kitu. Kijana alikuwa amelipiga picha jedwali hilo kwenye simu, akamwonyesha mama yake: "Tazama, deni ni lile lile, sasa kwa nini nisiende kule kuzuri?"

Deni linalingana kwa sababu wote wamegonga dari moja. Serikali haimruhusu mtoto kukopa zaidi, kwa hiyo tarakimu inakwambia urefu wa dari, bei ya chuo haimo humo. Kilichobaki juu ya dari kimelipwa na mtu mwingine: tajiri amelipa kutoka mfukoni, mwenye kipaji cha ajabu amelipiwa na chuo, na mzazi wa kawaida amekopa kwa jina lake. Mkopo huo wa mzazi unaitwa Parent PLUS, na katika tarakimu ile ya deni la wahitimu haumo.

Huu mkopo wa mzazi nataka niutulie kidogo, maana ndio unaonifanya niandike.

Kwanza, kupewa ni rahisi mno. Ukienda kununua Toyota kuukuu hapa mjini, muuzaji atataka kuona hati za mshahara wako. Parent PLUS inaangalia kama una doa kubwa katika historia yako ya madeni, basi. Kipato chako hakiulizwi. Mama anayepata dola 36,000 kwa mwaka anakubaliwa kama daktari anavyokubaliwa. Na sisi wahamiaji tuna historia safi ya madeni kwa sababu moja tu: hatujawahi kukopeshwa kitu.

Pili, bei yake. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 mkopo wa mwanafunzi ulikuwa na riba ya asilimia 6.39. Wa mzazi, 8.94. Juu ya hapo, mkopo wa mzazi hukatwa asilimia 4.228 kabla haujafika chuoni: katika dola 20,000, dola 845 na senti hazimfikii mtu yeyote isipokuwa mkopeshaji, lakini utazilipa, tena na riba yake.

Tatu ni sheria mpya. Sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeweka kikomo kwa mikopo ya mzazi itakayotolewa kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka, na dola 65,000 kwa mtoto mmoja kwa muda wote wa masomo. Zamani mzazi aliweza kukopa hadi gharama nzima ya chuo, kwa hiyo kikomo hiki mimi nakiunga mkono. Ila chukua kalamu. Ishirini mara tatu ni sitini. Mwaka wa nne mama atakuta zimebaki dola 5,000 tu, na pengo la 15,000 limekaa pale likimsubiri. Ile sifuri ya mwaka wa kwanza haikutaja neno kuhusu mwaka wa nne. Nani atakopesha pengo hilo? Benki binafsi, na benki itataka mdhamini, na mdhamini ni mama.

Tuseme amelipata. Dola 65,000 kwa riba ya 8.94, katika mpango mpya wa marejesho unaompa mwenye deni la ukubwa huo miaka 20, ni takriban dola 582 kila mwezi. Jumla yake karibu dola 140,000. Mama ana miaka 46. Weka minne ya chuo na ishirini ya kulipa uone atakuwa na miaka mingapi bado anainua wazee, naye mwenyewe mzee.

Linganisha na deni la mtoto. Kwa mikopo mipya serikali imeleta mpango unaoitwa RAP, ambao humkata mkopaji kwa kufuata kipato chake. Kijana mwenye kipato cha kikodi cha dola 34,000 atalipa asilimia 3 ya kipato hicho, yaani dola 85 kwa mwezi. Riba ambayo dola 85 hazikuifikia inasamehewa, na serikali inaongeza hadi dola 50 ili deni la msingi lipungue kila mwezi anapolipa kwa wakati. Kinachobaki kinafutwa baada ya miaka 30. Miaka 30 ni mingi, sikatai, lakini mtu anaweza kupiga kinanda, kupanga chumba na kulipa dola 85.

Mkopo mpya wa mzazi hauruhusiwi kuingia katika mpango huo. Umelala, umefukuzwa kazi, umevunjika nyonga, ni dola 582 zile zile. Basi katika familia moja, kwa shahada moja, kuna deni lenye breki na deni lisilo na breki, na lisilo na breki amepewa asiyepata hata hiyo shahada. Sisi tuliotoka Tanzania jambo hili hutukuta kigeni. Bodi ya Mikopo kule nyumbani ina makali yake, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka kabla hujauona, lakini anayekatwa ni aliyesoma. Sijawahi kusikia mama wa Kasulu akidaiwa na Bodi.

Nilimwambia mama hivi hivi: la mtoto wako la 27,000 mimi silali macho kwa ajili yake. Lako ndilo litakalokula nyumba.

Sasa kipato. Hapa hesabu inachafuka, na mimi kidogo nafurahi kwa sababu naijua kazi hii kwa vidole.

Kipato kinachoonyeshwa na Scorecard kinatoka katika kumbukumbu za kodi. Wahitimu waliopata msaada wa serikali hupangwa mstari mmoja, wa kipato kidogo mbele na wa kipato kikubwa nyuma, na anayetajwa ni yule wa katikati. Watoto wa matajiri ambao hawakuhitaji msaada hawamo. Programu ikiwa na wahitimu wachache tarakimu hufichwa ili watu wasitambulike, na idara za muziki kwa kawaida ni ndogo, kwa hiyo vyuo vingi utakuta pako patupu. Kumbe mzazi analinganisha vyuo vitatu, viwili kati yake havina jibu, na kile kimoja chenye jibu kinaonekana kibaya au kizuri kwa kukosa mwenzake tu.

Na kumbukumbu za kodi zinamwonaje mwanamuziki? Nina mteja anayepiga gitaa. Harusi za Wakongomani Louisville, Cincinnati, Indianapolis, Nashville. Ibada mbili za Jumapili. Wanafunzi wanne wa jioni. Mwaka jana alikusanya dola 31,000. Nikaketi naye, tukatoa maili 14,000 alizoendesha, senti 70 kwa maili kwa mwaka 2025, hizo ni dola 9,800. Spika mpya, nyaya, simu, sehemu ya kukodi vyombo, dola 4,000 nyingine. Kwenye karatasi akabaki na dola 17,200, na juu yake akadaiwa ile kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ambayo aliyeajiriwa hugawana nusu kwa nusu na mwajiri. Alikuwa ametengeneza maisha ya mtu wa dola elfu ishirini na kitu, maana gari lile lile ndilo alilopelekea watoto shule. Serikali inamjua kama mtu wa 17,200. Angekuwa na shahada, hiyo ndiyo tarakimu ambayo ingeingia katika jedwali la kijana wetu.

Sisemi kwamba wanamuziki ni matajiri waliojificha. Dola 17,200 au 25,000, yote ni umaskini Marekani, na bima ya afya hajajilipia. Nasema tarakimu hiyo isisomwe kama mshahara. Hata ofisi ya serikali inayokusanya takwimu za kazi, inapofika kwa wanamuziki na waimbaji, hutaja malipo ya saa na kuacha ya mwaka, kwa kuwa kazi yenyewe haijazi mwaka. Mtu akikwambia mwanamuziki analipwa vizuri kwa saa, mwamini. Kisha muulize saa ngapi.

Nije kwenye muziki upi. Hili naona hata washauri wa shule hulipita.

Takwimu hizi hupangwa kwa namba za fani. Aliyesomea kupiga chombo, aliyesomea jazi, aliyesomea utunzi na aliyesomea nadharia wote wamo katika kundi moja, 50.09, Muziki. Aliyesomea kufundisha muziki hayumo humo. Yeye yuko kundi la 13, la elimu, pamoja na walimu wa masomo mengine. Maana yake, mhitimu mwenye mshahara wa kila mwezi, bima na pensheni, ambaye asubuhi anafundisha bendi ya shule na jioni anapiga harusi kama wenzake, ameondolewa kwenye mstari kabla mstari haujahesabiwa. Ndipo watu wanapotangaza kuwa muziki hauna kitu.

Na huko shuleni, mwalimu wa muziki hulipwa kwa jedwali lile lile la mwalimu wa hisabati. Marekani shule ya serikali isiyo na bendi ni kama shule ya kwetu isiyo na uwanja wa mpira. Akifanya kazi shule ya serikali na kulipa deni lake miezi 120 kwa utaratibu unaotakiwa, lililobaki linafutwa baada ya miaka kumi badala ya thelathini. Masomo ni ya idara ile ile, mwalimu wa piano ni yule yule, mazoezi ni yale yale hadi usiku. Kinachozidi ni kozi za elimu, muhula wa kufundisha kwa vitendo, na leseni. Ile leseni, kwa maoni yangu, ndiyo kitu pekee katika shahada nzima ya muziki ambacho mtu mwingine hawezi kukipata kwa kipaji chake.

Kijana aliponisikia alikunja uso. "Anko, mimi sitaki kufundisha watoto tarumbeta." Nikamwelewa. Mimi pia sikuja duniani kujaza fomu za kodi.

Kuna njia nyingine za mshahara, chache. Bendi za jeshi ni mwajiri mkubwa sana wa wanamuziki nchi hii. Ile ya kikosi cha Marine inayopiga Ikulu iliundwa mwaka 1798 na bado inaajiri kwa usaili. Okestra kubwa zinalipa vizuri kupita kiasi: mkataba wa New York Philharmonic wa 2024 unapandisha mshahara wa chini hadi dola 205,000. Nafasi moja ikifunguliwa wanakuja watu kutoka pande zote za dunia, wanapiga nyuma ya pazia ili waamuzi wasiwaone sura. Kupanga maisha juu ya nafasi hiyo ni sawa na kupanga maisha juu ya bahati nasibu yenye mazoezi.

Uuguzi je? Sitamdanganya mtu. Muuguzi aliyesajiliwa wa katikati alipata dola 93,600 mwaka 2024, na hakuna ninayemjua kanisani kwetu anayekaribia hapo kwa gitaa. Mzazi anayemsukuma mtoto kwenye uuguzi ana hoja nzito, na ameiona kazini kwake kila usiku. Ila hiyo ni tarakimu ya waliofika. Kila msimu wa kodi napokea vijana wawili watatu waliosukumwa uuguzi, wakaanguka somo la anatomia mara mbili, wakaacha. Hao wana deni na hawana shahada yoyote. Hilo ndilo fungu baya kuliko yote katika mchezo huu, baya kuliko shahada ya muziki mbali sana.

Sheria ile ile ya 2025 imeleta pia mtihani kwa programu zenyewe. Kuanzia Julai 2026, wahitimu wa shahada ya kwanza watapimwa miaka minne baada ya kumaliza: kama kipato cha mtu wao wa katikati kiko chini ya kile cha mtu wa katikati mwenye cheti cha sekondari tu, mwenye umri wa miaka 25 hadi 34, katika jimbo husika, programu imeshindwa. Ikishindwa miaka miwili kati ya mitatu, wanafunzi wake hawatapewa tena mikopo ya moja kwa moja ya serikali. Nia naiona. Haki sina hakika naiona. Mpiga gitaa wangu wa 17,200 atawekwa mizani moja na kijana wa ghala la mizigo mwenye fomu ya mshahara isiyo na makato ya maili. Na mwalimu wa muziki ambaye angewainua wenzake yumo kundi jingine. Mzazi anayemwandikisha mtoto leo amuulize mkuu wa idara waziwazi: mtihani huu mnaupita? Akijibu kwa hotuba kuhusu thamani ya sanaa, umejibiwa.

Turudi kwa swali la mama. Muziki si anaujua tayari?

Anaujua. Mpe wimbo asioujua, aimbiwe mara moja, ataufuata katika ufunguo wowote, na mwimbaji akipanda katikati naye anapanda. Nimeona wenye shahada wasioweza hilo. Lakini weka karatasi yenye nota mbele yake na mkono unaganda. Nota hazijui. Kambini hakukuwa na wa kumfundisha, na hapa Lexington alifika umri ambao wenzake wa shule walikuwa na miaka kumi ya masomo ya kulipia nyumbani.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini barua ya samawati ilikuja haraka. Chuo kile cha muziki wa kisasa kilimchukua kwa video ya kanisani. Idara za muziki za vyuo vikuu vya jimbo, ambako ada ni nafuu mara nyingi zaidi, zilimtaka apige ngazi zote kubwa na ndogo, kipande cha Bach, na kusoma karatasi asiyoiona kabla. Kwa maneno mengine, mlango wa bei nafuu una kufuli, na mlango wa bei ghali uko wazi hadi kitasa. Mtoto wa mhamiaji hukopa zaidi kwa kuwa alianza amechelewa; deni la mama, ukilichimba, ni bei ya masomo ya piano ambayo hakuyalipia mtoto alipokuwa na miaka minane.

Hadithi hii si ngeni nchi hii. Nina Simone, mwimbaji na mpiga piano mashuhuri, alikuwa mtoto wa mhubiri mwanamke kutoka Tryon, North Carolina, akipiga piano kanisani tangu mdogo, akiitwa bado Eunice Waymon. Watu wa mji wake walichanga fedha akasoma. Mwaka 1951 Curtis Institute ya Philadelphia, chuo cha muziki ambacho hakijatoza ada tangu 1928, ilimkataa, na yeye aliamini hadi mwisho kwamba ni rangi yake. Shahada ya heshima walimpa 2003, siku chache kabla hajafa. Namtaja hapa kwa ajili ya mchango ule wa Tryon: mji mdogo ulielewa kwamba fedha za muziki hutolewa mapema, kwa mwalimu.

Na vyuo visivyotoza ada si vya Philadelphia tu. Maili arobaini kusini ya meza yangu kuna Berea College, kilichoanzishwa 1855, chuo ambacho hakijamtoza mwanafunzi ada tangu 1892. Huchukua hasa watoto wa familia zenye kipato kidogo, kila mmoja anafanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki, na muziki unafundishwa pale. Carter G. Woodson, mwanahistoria, ni zao la Berea la 1903. Nimewauliza Wakongomani wangapi kanisani kama wanakijua? Wengi wanakijua kama kibao cha barabara ya I-75.

Kisha kuna vyuo vya jimbo. Wastani wa ada ya chuo kikuu cha umma kwa mkazi wa jimbo ulikuwa kama dola 11,600 mwaka 2024–25. Ile ruzuku ya serikali kuu, iitwayo Pell, kwa familia kama hii hufika dola 7,395, na Kentucky ina KEES, fedha za bahati nasibu ya jimbo zinazomlipa mtoto kwa alama zake za sekondari, hadi dola 2,500 kwa mwaka. Akilala kwao na kula ugali wa mama yake, mkopo wake mwenyewe unatosha na kubaki, na mstari wa nne haupo kabisa katika barua. Kinachotakiwa ni nota. Mwaka mmoja, pengine miwili akianzia chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, huku akiendelea kupiga kanisani.

Kijana aliuliza mwaka mmoja wa kusubiri si ni kupoteza muda. Mama yake, aliyesubiri Nyarugusu miaka kumi na saba, alicheka mpaka akatoa leso.

Kinanda chao cha nyumbani kina funguo 61, vyepesi kama vya kuchezea. Bach atatosha humo, wakati wake vinanda vilikuwa vifupi. Beethoven hatatosha.

Tukamalizia kodi. Marejesho yake mwaka huu yametoka dola 4,300, kwa sababu ya watoto wadogo wawili. Mwalimu wa piano niliyemuulizia anatoza dola 50 kwa somo. Mama akachukua simu akagawanya mwenyewe: masomo 86. Akaitazama ile 86 kwa muda, akaikunja barua ya samawati akaitia kwenye mkoba, kisha akasema matairi ya gari nayo yamekwisha, tuhesabu masomo arobaini.